Gesi Ya Friji Haiishi!

Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia katika kila mtaa niliowahi kukaa hapa Nairobi: "Mama, hii imeisha gesi." Fundi ameingia, ametia mkono ndani ya friji, amesikia joto, amegonga kompresa mara mbili kwa bisibisi, basi. Hukumu imetoka. Imeisha gesi, leta elfu tatu na mia tano. Hajauliza friji ilianza lini kusumbua. Hajasoma kibandiko. Hajatoa hata mita kwenye mkoba.

Najua wengi wenu huja hapa kusoma mambo ya programu na tarakilishi, na wale mnaongoja sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata mtanivumilia. Hili limenikaa kooni muda mrefu na leo nalitema. Gesi ya friji haiishi! Haiishi kama petroli, haiishi kama mtungi wa kupikia, haiishi kama tokeni za stima. Anayekuambia imeisha bila kukuonyesha ilikotokea anakuuzia kitu usichokijua, na sisi tunaojiita watu wa teknolojia tumenyamaza huku mama zetu wakilipa.

Hebu tuangalie mtambo wenyewe, wala si mgumu. Ndani ya friji kuna mabomba yaliyochomelewa yakawa mzunguko mmoja, hauna mlango wa kuingilia wala wa kutokea. Kompresa (lile dude jeusi la mviringo nyuma, chini) inaikandamiza gesi mpaka inapata joto. Gesi hiyo ya moto inapita kwenye koili za nyuma, au zilizofichwa ndani ya kuta za ubavuni, inaacha joto lake hapo nyumbani kwako na kugeuka majimaji. Halafu inasukumwa kwenye kibomba chembamba sana, na ikitokea upande wa pili shinikizo linashuka ghafla, inachemka ikiwa baridi, na katika kuchemka inafyonza joto la maziwa na la ugali wa jana. Inarudi kwa kompresa. Inaanza tena. Hakuna kinachoungua hapo, hakuna kinacholiwa. Gesi iliyotiwa kiwandani ndiyo hiyo hiyo inayozunguka miaka kumi, kumi na tano, ishirini. (Na ukigusa ubavu wa friji ukakuta moto, usiite mtu. Hapo ndipo joto linapotokea. Isogeze mbali kidogo na ukuta ipate hewa, na pangusa vumbi kwenye koili za nyuma.)

General Electric ya Marekani ilianza kuuza friji yake iitwayo Monitor Top mwaka 1927, ile yenye kompresa juu kichwani kama kofia, na kuna zinazogandisha hadi leo mikononi mwa watu wanaopenda vitu vya kale. Zama hizo gesi zilizotumika zilikuwa sumu na kuvuja kulimaanisha kifo. Inasimuliwa kwamba Albert Einstein, ndiyo, huyo huyo wa fizikia, alisoma gazetini habari za familia moja ya Berlin iliyouawa na gesi iliyovuja kwenye friji yao. Akakaa na mwenzake Leo Szilard wakabuni friji isiyo na sehemu yoyote inayozunguka, ili pasiwe na pa kuvujia. Marekani iliwapa hataza yake tarehe 11 Novemba 1930. Yaani karibu miaka mia moja iliyopita wahandisi walikuwa wanapigania jambo moja tu, gesi isitoke. Friji yao haikuingia sokoni, lakini kompresa za kuchomelewa ziliingia, na vita hivyo vikashindwa na upande wetu. Leo mtu anapanda ngazi hapa Umoja na mtungi begani kuja kukuambia imeisha tu, yenyewe, kwa uzee.

Kama gesi imepungua kweli, basi kuna tundu. Na kama kuna tundu, kujaza bila kuziba ni kuteka maji kwa pakacha. Sisi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Programu inavuja kumbukumbu, seva inaanguka kila Ijumaa, na kuna bwana mkubwa ofisini anayependekeza mnunue RAM zaidi. RAM inanunuliwa. Seva sasa inaanguka kila Jumatatu, na bwana mkubwa anasema mmepiga hatua.

Tundu hutoka wapi? Mengine huwa tunatoboa wenyewe. Friji ya kawaida, ile isiyojiyeyusha, ikijaa barafu mtu anachukua kisu cha jikoni anaanza kuchokoa kwa sababu ana haraka ya kutoa nyama. Kuta za kile chumba cha barafu ndizo njia zenyewe za gesi, aluminiamu nyembamba. Ukisikia "ssss", umeshamaliza kazi. Zima friji, acha mlango wazi, weka sufuria ya maji moto ndani, nenda kafanye jambo lingine. Na usingoje barafu iwe kama ukuta. Ikifika unene wa nusu sentimita hivi, yeyusha. Mengine huletwa na kutu, na watu wa Mombasa na Malindi wenye ile hewa ya chumvi wanalijua hilo kuliko mimi.

Lakini tundu linaloniudhi kuliko yote ni la fundi mwenyewe. Kuna kivalvu kidogo cha kufunga kwenye bomba kwa skrubu, ndani kina sindano. Fundi anakibana kwenye bomba la kompresa, sindano inatoboa, anaingiza gesi, anaondoka na kukiacha pale pale. Kile kivalvu kinazuia gesi kwa kipande cha mpira. Mpira huchoka. Sasa friji ambayo pengine haikuwa na tundu lolote ina tundu, na umelilipia.

Hapa mtaani kuna mama anayeuza maziwa, mala na juisi. Friji ndiyo duka lake, ikilala na yeye amelala njaa. Katika mwaka mmoja alijaziwa gesi mara tatu na mafundi wawili tofauti. Baada ya ile ya tatu akaniita, eti kwa vile "wewe ni wa kompyuta". Nilimwuliza yale ninayomwuliza mteja yeyote: Ilianza lini? Ilikuwa inafanya nini hasa? Ni nini kilichobadilika kabla haijaanza? Akaniambia mara ya kwanza kabisa friji ilikuwa inalia "tik", inanguruma sekunde chache, "tik" tena, kimya, halafu baada ya dakika kadhaa inarudia. Na ilianza alipoisogeza karibu na mlango ili wateja waione, ikawa inatumia ekstensheni ndefu nyembamba pamoja na birika la stima.

Jamani! Kompresa inayonguruma ikakata haijazunguka hata mara moja. Haiwezi kukwambia lolote kuhusu gesi. Huo ni ugonjwa wa stima isiyotosha au wa relei, kile kidude kilichochomekwa ubavuni mwa kompresa kinachoisaidia kuanza. Fundi wa kwanza alipokuwa anahangaika nyuma, kompresa ilipata muda wa kupoa, birika likazimwa, na friji ikawaka. Sifa akapewa gesi. Akaacha na kivalvu chake. Mara ya pili na ya tatu gesi ilikuwa imepungua kweli, na ilikuwa inatokea pale pale kwenye kivalvu: friji ikiwa imezimwa nilikipaka povu la sabuni ya kuoshea vyombo, viputo vikatoka mbele ya macho ya mwenye friji. Baadaye alipatikana fundi wa kweli, akaondoa kivalvu, akachomelea bomba, akabadilisha kichujio, akavuta hewa yote kwa pampu, akapima gesi kwenye mizani. Relei mpya haikufika shilingi mia tano. Alizokuwa amelipa kabla zilikuwa elfu kumi na mia tano, bila kuhesabu maziwa aliyomwaga.

Ukitaka kujua dalili za gesi kupungua kweli, hizi hapa. Kompresa inazunguka bila kupumzika na ni ya moto, lakini koili za nyuma, ambazo zingepaswa kuwa na joto, zimepoa. Ndani, barafu inashika kona moja tu, pale gesi inapoanza kuingia, na sehemu iliyobaki ya chumba cha barafu ni kavu. Na hata hapo usikimbilie kulipa, kwa sababu kibomba chembamba kilichoziba kinaweza kuonyesha sura hiyo hiyo. Kazi ya fundi ni kutenganisha haya mawili. Kubahatisha naweza mwenyewe, bure.

Kabla ya kumpigia mtu simu, anza na vitu visivyo na gharama, kama tunavyofanya na programu: kwanza angalia kama waya umechomekwa. Chomeka taa au chaja kwenye soketi ile ile. Friji ichomekwe ukutani moja kwa moja. Stima yetu ni volti 240 kwa karatasi, lakini sote tunajua jioni inavyokuwa, taa zinafifia, na kompresa inayojaribu kuanza kwa volti za chini inajipika. Stima ikipotea na kurudi baada ya dakika moja, kompresa itanguruma na kukata kwa sababu shinikizo la ndani halijasawazika. Iache dakika tano, itaanza yenyewe. Kile kifaa ambacho wengi wanakiita friji gadi kinafanya kazi hiyo, kinakata volti zikiwa mbaya na kusubiri kabla ya kurudisha. Kununua friji ya elfu arobaini na kukataa kununua kifaa hicho ni kama kuweka seva bila nakala rudufu.

Halafu mlango. Chukua noti ya shilingi mia, ifungie mlangoni, ivute. Ikitoka bila kubishana, mpira wa mlango umelegea hapo. Zunguka mlango mzima hivyo. Mpira mchafu uoshe kwa maji vuguvugu na sabuni, mara nyingi hurudi kushika. Na joto la ndani lipime, usilikisie kwa kiganja. Weka glasi ya maji katikati ya friji usiku kucha, asubuhi tia kipimajoto ndani ya maji hayo. Iwe digrii 4 au chini yake. Hewa hudanganya kila mlango unapofunguliwa, maji hayadanganyi haraka hivyo. Upande wa kugandisha ni digrii 18 chini ya sifuri.

Sasa nije kwa hizi za nofrosti, maana hapa ndipo uongo wa gesi unapostawi. Juu panagandisha, au panajaribu, lakini chini mboga zinaoza. "Gesi imepungua, inatosha juu tu." Sentensi hiyo inasikika kama sayansi, nakubali. Lakini katika friji hizi baridi yote hutengenezwa mahali pamoja, nyuma ya ubao wa plastiki kule kwenye friza, na feni ndiyo inayopuliza hewa kwenda chini. Kila baada ya saa kadhaa hita ndogo huwaka kuyeyusha barafu iliyoshika koili. Hita ikiungua, au kitambuzi chake kikifa, barafu hujenga ukuta nyuma ya ule ubao, feni inabaki inapuliza ukuta, na chini hapafiki kitu. Gesi ipo yote!

Kuna jaribio lisilogharimu hata shilingi. Toa vyakula, chomoa plagi, acha milango wazi saa 24, weka matambara sakafuni. Washa tena. Ikifanya kazi vizuri siku kadhaa au wiki, halafu ikarudia ugonjwa ule ule, umepata jibu: mfumo wa kuyeyusha barafu. Hita, kitambuzi, taima au bodi, kimoja kati ya hivyo. Gesi iliyotoka hairudi kwa kulala mlango wazi. Mwambie fundi hivyo akiwa amesimama hapo na mtungi wake, umwangalie usoni.

Maji yakikusanyika chini ya droo za mboga, ni tundu la kutolea maji limeziba. Tia maji vuguvugu na mrija, basi. Friji kimya kabisa lakini taa ya ndani inawaka: thamostati, relei au bodi. Ukitaka kugusa relei chomoa plagi kwanza, itoe, itikise. Ukisikia vipande vinachezacheza ndani, imekwisha.

Lakini tuwe wakweli, mafundi hawakuubuni uongo huu peke yao. Tumewalipa ili wadanganye. Fundi mwaminifu akija, akapima kwa nusu saa, akakwambia "hii ni relei, nipe mia tano ya relei na elfu moja ya kazi yangu", utasikia kelele mpaka ploti ya tatu. Elfu moja ya nini? Si ametazama tu? Lakini akisema gesi, kitu kinachosikika kikitoka kwenye mtungi "fyuuu", hapo tunalipa elfu tatu na mia tano bila neno na chai tunampikia. Tunalipa mtungi, hatulipi akili. Nami nakijua kidonda hiki kwa sababu mteja wa programu ni huyo huyo: siku mbili za kutafuta hitilafu hataki kuziona kwenye ankara, mstari mmoja wa msimbo ulioiponya anauita "kazi ya dakika moja". Fundi aliyejifunza kwamba ukweli haulipi atakuuzia kinacholipa. Kwa hivyo mlipe kwa kutafuta. Sema mapema kwenye simu: nitakulipa kiasi fulani kuja kupima, hata kama hutatengeneza kitu. Utaona anavyokuja na mita.

Na watengenezaji nao wasijifiche nyuma ya fundi. Friji nyingi za inverta zina taa ndogo kwenye bodi ambayo hupepesa ikipatwa na hitilafu, idadi ya mipepeso ndiyo ujumbe. Hiyo ni logi! Mashine inasema ugonjwa wake kwa mdomo wake, na maana ya mipepeso imefungiwa kwenye kitabu ambacho mnunuzi hapewi, na fundi wa mtaani naye anaambiwa si wa kwao. Umoja wa Ulaya uliweka sheria iliyoanza kutumika Machi 2021: anayeuza friji kule lazima apatikane na thamostati, vitambuzi na bodi zake kwa angalau miaka 7 baada ya kuuza ya mwisho ya aina hiyo, na mpira wa mlango miaka 10, na maelezo ya ukarabati yawafikie mafundi. Kampuni zinazotii sheria hiyo kule, nyingine zinauza madukani kwetu. Sisi tuna kanuni za mwaka 2016 zilizotupa kile kibandiko cha nyota, na ni kizuri, kinakwambia friji itakula stima kiasi gani. Mpira wa mlango utaupata wapi baada ya miaka mitano, hakisemi.

Kuna na hili la gesi yenyewe. R12 ya zamani ilitoboa tabaka la ozoni. Mario Molina na Sherwood Rowland walionya mwaka 1974, Mkataba wa Montreal ukatiwa sahihi 1987, na nchi kama zetu zilifikia tarehe ya mwisho mwaka 2010. Sekretarieti inayosimamia mkataba huo iko Gigiri, matatu mbili kutoka hapa Umoja. R134a iliyoshika nafasi yake haidhuru ozoni, lakini kilo moja ikipaa inapasha dunia joto sawa na kilo zaidi ya elfu moja za kaboni dioksidi, ndiyo maana mwaka 2016 wakakutana Kigali kukubaliana ipunguzwe. Kila "jazia tu mama" bila kuziba tundu ni gesi hiyo imepulizwa hewani kwa makusudi, na risiti juu.

Friji mpya nyingi ni za R600a. Tafuta kibandiko nyuma: kuna jina la gesi na gramu zake, na alama ya pembetatu ya manjano yenye mwali wa moto. R600a ni isobyuteni, inawaka. Kiasi chake ni kidogo sana, mara nyingi hakifiki gramu 100, kwa hivyo asiye na mizani ya gramu hana anachojua anachokitia. Asitie R134a kwenye friji hiyo, na asitie gesi ya kupikia hata akiapa kwamba "ni ile ile". Ya mtungi ni mchanganyiko, ina dawa ya kuipa harufu, na haikukaushwa kwa kazi hii. Kabla hajaja muulize kwa simu kama ana pampu ya kuvuta hewa, mizani, na kichujio kipya cha kubadilisha, kwa sababu mfumo ukifunguliwa kichujio hubadilishwa. Akisema hivyo vyote havihitajiki, tafuta mwingine. Na akifika, zima jiko, fungua madirisha, na asiwashe moto wa kuchomelea mpaka gesi ya zamani iwe imetolewa kwa mrija hadi nje ya nyumba.